Mashimo Yasiyotoa Dhahabu

Mtambo wa kuchoronga miamba ukiingia kijijini huko Usukumani, mambo mawili hutokea kabla haujasimamisha mnara wake. Bei ya viwanja hupanda, na mama ntilie hufuata vumbi la malori. Kufikia jioni ya siku ya pili habari imeshakamilika: dhahabu imeonekana, wageni wameiona kwa mashine, wanaficha tu. Aliyeuza ekari mbili mwaka juzi hujilaumu. Mwenye nazo hukimbilia kupanda michungwa, maana amesikia kwamba fidia huhesabu miti.

Mtambo huo, mara nyingi mno, hautakuta kitu. Utakaa wiki chache, utatoboa mashimo yake kwa mstari, vibarua watafunga mifuko ya unga wa mawe, kisha utapakiwa na kwenda zake. Miezi miwili baadaye maabara italeta orodha ndefu ya sifuri na vipande vya sifuri. Kijijini watasema wameondoka kwa sababu ya siasa.

Mwezi Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mitambo ya namna hii itaonekana zaidi Geita, Sengerema, Kahama, Nzega, Chunya na ng'ambo ya mpaka kule Kakamega, Kenya. Tunaandika sana kuhusu migodi: mrabaha, fidia, ajali, tani za dhahabu zilizosafirishwa. Kuhusu miaka kumi au ishirini ya kutoboa iliyotangulia mgodi hatuandiki karibu chochote, ilhali humo ndimo fedha nyingi hupotea na humo ndimo taifa hujifunza lina nini chini ya miguu yake. Hata kujifunza kwamba halina ni kujifunza.

Zamani dhahabu ya Tanzania ilitafutwa kwa macho. Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, Wajerumani walifuata mikanda ya mawe meupe iliyochomoza juu ya ardhi. Dhahabu ya huko ndiyo iliyogongwa sarafu zenye picha ya tembo kwenye karakana ya reli Tabora mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewakatia njia ya fedha kutoka kwao. Kwenye uwanda wa Lupa, Chunya, watu wa miaka ya 1920 na 1930 walichekecha mchanga wa mito. Geita ilikuwa na mgodi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na watu wengi walidhani biashara imekwisha. Haikuwa imekwisha. Katika miaka ya 1990 kampuni zilirudi na mitambo, zikachoronga pembeni na chini ya vilima vya zamani, na mwaka 2000 mgodi mpya ukafunguliwa, mkubwa kuliko chochote ambacho wakoloni walikiwazia. Shimo la Nyankanga, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa moyo wa mgodi huo, limekaa jirani kabisa na machimbo ya awali.

Kilichokuwa kikionekana, basi, kilishaonekana. Kilichobaki kimefunikwa. Miamba yenye dhahabu ya Kanda ya Ziwa ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na juu yake imelala mbuga nyeusi inayonasa magari wakati wa masika, au changarawe nyekundu ngumu, au mchanga ulioletwa na maji. Mahali pengine kifuniko hicho kina unene wa mita mbili, pengine makumi ya mita. Jicho la mchimbaji, hata liwe zoefu namna gani, huishia juu ya udongo.

Kazi huanza mbali na mtambo. Ndege huruka chini chini kwa mistari iliyonyooka ikipima usumaku wa miamba, na ramani inayotoka huonyesha mahali miamba ilipovunjika na kupinda, sehemu ambazo maji ya moto ya zama hizo yangeweza kupitisha dhahabu. Kisha vijana hutembea porini na majembe, wakichota udongo kila baada ya hatua kadhaa. Hapo wajiolojia wana msaidizi asiyelipwa, yaani mchwa. Mchwa hushuka chini kufuata unyevu na hupandisha punje za udongo hadi juu, hivyo udongo wa kichuguu ukifika maabara waweza kubeba dalili ya kitu kilicho mita kadhaa chini. Anayeijua Kanda ya Ziwa anajua vichuguu si shida kuvipata.

Dalili yenyewe ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Sehemu 50 kwa bilioni huweza kumfanya mjiolojia akeshe akichora ramani, na hiyo ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika tani ishirini za udongo. Hakuna karai litakaloionyesha. Wala haisemi kwamba chini yake kuna mashapo; mvua na mteremko huhamisha dhahabu, na mara nyingi doa zuri kwenye ramani ni uchafu uliotiririka kutoka kilima cha jirani.

Ndipo mtambo unapoitwa. Wa kwanza huwa mwepesi, unaotumia hewa na meno ya chuma kupenya udongo na mwamba uliooza hadi kufika palipo pagumu, ambapo husimama. Mashimo ni mafupi, mistari yake iko mbalimbali, mara nyingine mamia ya mita kutoka mstari hadi mstari. Kusudi ni kuondoa maeneo. Leseni inaweza kuwa na kilomita za mraba mia mbili. Baada ya hatua hii mjiolojia mwenye bahati hubakiwa na kilomita tatu za kufikiria.

Wa pili ndio mtambo wanaouita RC, na huu ndio unaotisha kwa kelele. Nyundo ya hewa iliyo mwisho wa mabomba hupondaponda mwamba chini kabisa, na hewa yenye nguvu husukuma vipande hivyo kupanda juu kupitia bomba la ndani, visigusane na kuta za shimo. Juu hutumbukia kwenye pipa linalozungusha hewa na kuitenganisha na mawe, kisha mfukoni. Kila mita moja ya shimo ina mfuko wake, na mfuko huo huwa na kilo 30 hadi 40. Msaidizi hupitisha mawe kwenye kigawanyio hadi zibaki kilo mbili tatu za kupeleka maabara, na gao dogo jingine huoshwa na kuwekwa kwenye kisanduku chenye vyumba vidogo, mita kwa mita, ili mjiolojia asome mwamba ulivyobadilika. Shimo halichimbwi wima. Hulazwa, kwa kawaida nyuzi 60 hivi, kuelekea upande unaoweza kuukata mkanda wa dhahabu badala ya kuteremka nao.

Mtambo wa RC huchukia maji. Maji ya ardhini yakizidi nguvu ya hewa, vipande vya mita ya 80 huchanganyika na tope la mita ya 60, na sampuli inakuwa uongo ambao hakuna aliyeukusudia. Msimamizi makini husimamisha shimo hapo hapo hata kama mkandarasi, anayelipwa kwa mita, amekunja uso. Msimamizi asiye makini huendelea, na matokeo yake huja kugundulika miaka mitano baadaye, mtu mwingine anapotoboa shimo jingine pembeni na kukuta kwamba ile dhahabu iliyoandikwa haipo.

Wa tatu ni daimondi. Ni wa polepole na ghali. Mita moja yake huweza kula dola mia mbili au zaidi, ukijumlisha maji, mafuta na mshahara wa watu wa zamu mbili. Kichwa chake kilichosheheni chembe za almasi hukata mwamba kwa mviringo na kuacha nguzo nzima katikati, ambayo huvutwa juu kwa waya na kulazwa kwenye masanduku. Taasisi zetu huita nguzo hizo miamba choronge. Unene wa zile za kawaida hauzidi sana sentimita sita, nyingine hazifiki tano. Lakini humo mjiolojia huona kila kitu: ufa umeelekea wapi, mawe meupe yamepita vipi, madini ya njano yanayodanganya wageni yamekaa wapi. Nguzo hupigwa picha, hupigwa mstari wa mwelekeo, kisha hukatwa kwa msumeno katikati kwa urefu. Nusu huenda maabara. Nusu hubaki kwenye sanduku.

Kumbuka nusu hiyo inayobaki. Tutairudia.

Maabarani kazi ni ya moto. Sampuli husagwa iwe laini kama unga wa ngano, na katika unga huo hupimwa gramu 50 tu. Huchanganywa na oksidi ya risasi na magadi ya kuyeyushia, huingizwa tanuru lenye joto linalozidi nyuzi 1,000, na risasi inapoyeyuka hukusanya dhahabu yote na kuzama nayo chini. Kitonge hicho cha risasi huchomwa tena kwenye kikombe kinachonyonya risasi hadi ibaki punje ya kung'aa, ambayo pengine huwezi kuiona bila lenzi. Punje huyeyushwa kwa tindikali, mashine husoma kiasi. Njia hii ina karne nyingi na hadi leo hakuna iliyoipiku kwa kuaminika.

Kampuni isiyotaka kujidanganya huitega maabara. Kati ya mifuko yake huchomeka sampuli ambazo dhahabu yake inajulikana tayari, na nyingine ambazo hazina kabisa, na nyingine zilizorudiwa mara mbili, zote zikiwa na namba za kawaida. Maabara ikisema ile isiyo na kitu ina gramu mbili, kundi zima hurudishwa.

Sasa tuje kwenye tangazo. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa la Toronto au Sydney huandika kwamba shimo namba fulani limepata mita 10 zenye wastani wa gramu 5 kwa tani. Magazeti yetu huichukua hivyo hivyo na kuiwekea kichwa cha habari chenye neno "utajiri". Mimi huwa nauliza maswali mawili kabla ya kuamini. La kwanza, wastani huo umetoka wapi? Mita tisa zenye gramu 0.2 na mita moja yenye gramu 48.2 hutoa wastani uleule wa gramu 5. Dhahabu hupenda kukaa kwa vitonge, na kitonge kimoja kikiangukia kwenye gramu 50 za maabara huipa sura nzuri mita nzima ambayo pembeni yake ni jiwe tupu. La pili, shimo liliukata mkanda au liliteremka nao? Mkanda wenye unene wa mita tatu, ukitobolewa kwa kuufuata, unaweza kuandikwa mita arobaini bila mtu kusema uongo hata kidogo.

Kuna waliosema uongo. Kisa kinachofundishwa kila mahali ni cha Busang, kwenye misitu ya Kalimantan Mashariki, Indonesia. Kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X, iliyoongozwa na David Walsh kutoka Calgary, ilitangaza katikati ya miaka ya 1990 kwamba imekuta wakia milioni kadhaa, kisha makumi ya milioni, na hatimaye takwimu zikapanda hadi milioni 70, huku wengine wakinong'ona milioni 200. Thamani ya kampuni ilivuka dola bilioni 6 za Kanada. Mifuko ya pensheni ya walimu na watumishi wa umma ilinunua hisa. Mradi ukaanza kugombaniwa hadi ndani ya serikali ya Indonesia, na kampuni ya Freeport-McMoRan ya Marekani ikaingizwa kama mbia.

Freeport ilifanya jambo la kawaida tu: ilileta mtambo wake na kutoboa mashimo pembeni ya mashimo ya Bre-X. Haikukuta kitu cha maana. Machi 19, 1997, mjiolojia wa mradi, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta iliyokuwa ikimpeleka Busang. Mwezi Mei wakaguzi huru wa kampuni ya Strathcona walimaliza kazi yao na kutamka kwamba sampuli zilitiwa dhahabu kwa mkono. Punje zilizokutwa ndani yake zilikuwa za mviringo, zimelainishwa na mto. Dhahabu iliyotoka moja kwa moja mwambani huwa na kingo. Mtu alikuwa akinyunyizia dhahabu ya kuchekechwa mtoni ndani ya mifuko ya mawe yaliyosagwa, kwa hesabu nzuri, kwa miaka.

Waliwezaje? Hapa ndipo ile nusu ya sanduku inapoingia. Bre-X walisaga miamba choronge yao karibu yote, wakibakiza vipande vifupi tu, na waliwapa wageni sababu zilizosikika za kitaalamu. Hapakuwa na nusu ya kurudia. Mkaguzi yeyote angeomba apewe nusu ya shimo alilolichagua mwenyewe, aipeleke maabara aliyoichagua mwenyewe, na hadithi ingekufa siku ile. Baada ya kashfa hiyo Kanada iliweka kanuni, mwaka 2001, kwamba takwimu za madini zinazotangazwa sokoni zisimamiwe na mtaalamu anayetambulika na anayewajibika kwa jina lake. Australia ilikuwa na mwongozo wake, JORC, tangu mwaka 1989. Ndiyo maana taarifa za leo hugawa rasilimali katika ngazi: ile inayokisiwa, iliyoonyeshwa na iliyopimwa, kadiri mashimo yanavyokaribiana. Wanasiasa wetu hupenda kusoma ngazi ya kwanza kana kwamba ni ya tatu.

Hata mashimo yakikaribiana, piga hesabu. Chukua uwanja uliotobolewa kila mita 40 kwa mita 40, kwa nguzo nyembamba za daimondi zenye upana wa milimita 47.6, na nusu tu ya kila nguzo ikaenda maabara. Kilichopimwa ni takriban sehemu moja kati ya milioni moja na laki nane za mwamba huo. Kila kinachobaki ni makisio ya watu wenye elimu. Benki hukopesha mamia ya mamilioni ya dola juu ya sehemu hiyo moja, na kwa kiasi kikubwa hazikosei. Mimi naona hilo ni la ajabu kuliko dhahabu yenyewe.

Mfano wetu wa nyumbani uko Sengerema. Nyanzaga, mkoani Mwanza, ilianza kuchorongwa katika miaka ya 1990. Kampuni zilipokezana: mradi ukawa mikononi mwa African Barrick Gold, ambayo baadaye iliitwa Acacia, na kwa miaka mingi ukakaa kwenye orodha ya vitu vizuri ambavyo havijafikia zamu. Mwaka 2015 kampuni ndogo ya Australia, OreCorp, ikaingia. Haikuanzia kwenye udongo. Ilianzia kwenye ghala la masanduku na kwenye jedwali la mashimo yaliyotobolewa na waliotangulia, ikayasoma upya, ikaongeza ya kwake. Desemba 2021 serikali ilitoa leseni kubwa ya uchimbaji kwa kampuni ya ubia, Sotta, ambamo Tanzania ina hisa za asilimia 16 kwa mujibu wa mabadiliko ya sheria ya 2017. Upembuzi yakinifu wa 2022 ulikadiria akiba ya wakia milioni 2.6, ambazo ni kama tani 81 za dhahabu, zilizotawanyika katika tani milioni 40 za mbale, gramu mbili tu kwa kila tani. Mwaka 2024 Perseus, ya Australia pia, ikainunua OreCorp, na mwaka 2025 ikatangaza uamuzi wa kujenga. Dhahabu ya kwanza inatarajiwa mwaka 2027.

Hesabu hiyo ni ya zaidi ya miaka 25. Mtoto aliyezaliwa Sengerema mtambo wa kwanza ulipofika ataomba kazi kwenye mgodi huo akiwa na watoto wake. Na kila aliyechukua kijiti alilipia hasa kitu kimoja: taarifa. Kama masanduku yangelikuwa yamenyeshewa, au namba za mashimo zimepotea na kompyuta ya meneja fulani aliyehama, OreCorp wangelazimika kuanza na mchwa.

Ng'ambo ya mpaka, Kakamega, kijiti hicho kimekuwa na miiba zaidi. Huko kulitokea mfumuko wa watafutaji dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952. Miongo sita baadaye Acacia walichoronga ukanda wa Liranda, na mwaka 2017 wakatangaza rasilimali ya kukisiwa ya wakia milioni 1.31 yenye gramu 12.1 kwa tani, kiwango ambacho migodi mingi ya shimo la wazi hukiota tu. Barrick ikaimeza Acacia 2019, Shanta Gold ikanunua mradi 2020. Mgodi mkubwa bado. Kakamega si mbuga ya wafugaji. Ni nchi ya mashamba madogo yenye kaburi la babu chini ya mti, na kila shimo lililotobolewa nyuma ya jiko la mtu limeacha familia ikiwa haijui ijenge nyumba ya matofali au ingoje kuhamishwa. Mateso ya kungoja hayaingii kwenye jedwali la gharama za uchorongaji, na hayalipwi fidia, maana hakuna mti uliokatwa.

Hapa kwetu sheria iko wazi juu ya jambo ambalo wanakijiji wengi hawaambiwi. Leseni ya utafutaji haimpi mtu ardhi, wala haimruhusu kuchimba dhahabu akauza. Anayelima hapo huendelea kulima, na mazao yakiharibiwa na magari au na mashimo ya tope hulipwa. Sheria ya Madini ya 2010 humpa mwenye leseni miaka minne ya mwanzo. Akitaka kuongezewa hutakiwa kuachia sehemu ya eneo. Na hutakiwa kupeleka serikalini taarifa za alichokifanya. Leseni ikiwa hai, taarifa hizo ni siri yake. Hilo ni haki, kwa sababu kazilipia.

Ikifa, mambo hubadilika, na hapa ndipo ningependa tusumbuane kidogo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iliyoanzishwa mwaka 1925, ina hifadhi ya taarifa na miamba choronge pale Dodoma. Waziri wa Madini, Anthony Mavunde, amesema mara nyingi kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyopimwa kwa ndege kwa kina cha kuridhisha, na lengo ni kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Ni lengo zuri. Lakini tunapolipia ndege mpya, tunaketi juu ya maelfu ya mashimo yaliyokwisha kutobolewa kwa fedha za watu wengine, mengi yakiwa hayana dhahabu, na karibu hakuna mchimbaji mdogo anayejua yako wapi.

Mchimbaji mdogo huchimba duara, yaani shimo lake la kushukia, kwa kubahatisha. Ameona mkanda juu, au ameota, au jirani kapata. Anashusha magogo ya kuzuia kuta, anakopa kwa mfadhili atakayechukua sehemu kubwa ya mawe, na anateremka mita thelathini, hamsini, mara nyingine zaidi. Mkanda hukatika. Haukwenda popote wa ajabu: mwamba ulivunjika zamani za kale na upande mmoja ukasogea mita kumi na tano kuelekea kusini. Shimo moja la uchorongaji lingemwambia hivyo kwa siku mbili. Yeye hujiambia kwamba kuna mtu amemfanyizia, akahama. Na akienda benki kukopa, benki humuuliza taarifa za kijiolojia kana kwamba ni kitambulisho cha taifa.

Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lililoanzishwa mwaka 1972, limeanza kulitibu hilo kwa kununua mitambo ya uchorongaji na kuikodisha kwa wachimbaji wadogo kwa bei iliyo chini ya soko. Ni moja ya hatua chache za serikali kwenye sekta hii ambazo naziunga mkono bila kigugumizi. Shida ni kwamba mtambo wa bei nafuu bado ni ghali kwa kikundi cha watu wanane wanaogawana mfuko wa mahindi, na mitambo yenyewe ni michache kuliko leseni ndogo za mkoa mmoja. Kutoboa tena mahali ambapo kampuni fulani ilishatoboa mwaka 1997 ikakuta jiwe tupu ni kutupa fedha za umma na za maskini kwa mkupuo mmoja.

Ningeanzia hapo kabla ya ndege. Leseni ikifa na mwenyewe akaondoka, mwaka mmoja usipite kabla mahali pa kila shimo, kina chake na matokeo yake havijatoka kabatini. Viandikwe kwa Kiswahili, si kwa lugha ya Toronto, na vipelekwe kwa afisa madini mkazi wa mkoa unaohusika. Mashimo matupu yatangulie, kwa kuwa hayana mgombeaji na ndiyo yatakayomzuia mtu kuchimba duara la mita sitini juu ya bure. Gharama yake ni karatasi, rangi ya kuchapia na mjiolojia kijana wa kuisimamia. Kwa fedha za mita chache za daimondi, ramani ya mashimo ya wilaya nzima ya Geita ingeweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi hiyo, pembeni ya orodha ya wadaiwa wa ada za leseni.